Neno "plata": madini, pesa, na mulima wa Potosí

Mutoto wa shule huku kwetu anajua jambo hili hata kama hajawahi kulifikiria. Kwa Kifaransa, "argent" ni pesa, na "argent" ni pia ile madini nyeupe yenye kung'aa, yenye wanatengeneza nayo pete, mikufu na medali ya mutu wa pili. Kwa Kiswahili ni vile vile: feza ni pesa, na feza ni madini. Watu wa Amerika ya Kusini wenye kusema Kihispania nao wako na neno moja kwa vitu hivyo viwili. Neno hilo ni "plata".

Vijana wengi wamelisikia kwenye filamu zenye kuzungumuzia Pablo Escobar, pale wauzaji wa madawa ya kulevya wanasema "plata o plomo". Lakini neno hili ni kubwa kuliko filamu. Ndani yake kuna habari ya mulima mumoja, ya wachimbaji wenye walikufia ndani yake, na ya utajiri wenye ulienda mbali na wenye mulima. Sisi wenye kuishi karibu na machimbo, tunaweza kujifunza kitu hapo.

Neno lilitoka wapi

Zamani Waroma waliita feza "argentum". Ndiyo mama ya neno la Kifaransa "argent", na ndiyo sababu hata leo, katika masomo ya kemia, alama ya feza ni Ag. Kihispania ni mutoto wa Kilatini sawa vile Kifaransa, kwa hiyo tungengojea Wahispania waseme kitu chenye kufanana na "argent". Lakini wao walichukua njia ingine.

"Plata" inatoka kwenye neno la Kilatini cha watu wa kawaida lenye maana ya kitu kilicho bapa, kilicho sawasawa sawa vile meza. Ukoo wake tunaujua kwa Kifaransa: "plat", "plateau", "assiette plate". Kwa Kihispania chenyewe, "plato" ni sahani. Mwanzoni, basi, "plata" ilikuwa bamba la chuma, kipande chenye kilipigwa nyundo mupaka kikawa bapa. Kisha, kwa sababu bamba lenye bei kubwa zaidi lilikuwa la feza, jina la bamba likakuwa jina la feza yenyewe. Wareno, majirani wa Wahispania, walifanya vile vile: wao wanasema "prata".

Namna linatumiwa leo

Maana ya kwanza ni madini. "Una medalla de plata" ni medali ya feza. Fundi mwenye kutengeneza vitu vya feza anaitwa "platero". Kitu chenye rangi ya feza kinaitwa "plateado". Ndoa ikifikisha miaka 25, sherehe yake inaitwa "bodas de plata", sawa vile sisi tunasema "jubilé d'argent".

Maana ya pili ni pesa. Katika Argentina, Uruguay, Chile, Bolivia, Peru, Ecuador na Colombia, "plata" ndilo neno la kila siku. "No tengo plata" ni "sina pesa". "Es mucha plata" ni "hizo ni pesa nyingi". Pesa kidogo, zile za kununua mukate, wanaita "platita". Mutu mwenye pesa nyingi wanamuita "platudo". Mwezi wa 12, mwaka wa 2023, siku ya kuingia katika kazi, Rais Javier Milei wa Argentina aliambia watu wake "no hay plata", maana yake "hakuna pesa". Maneno hayo matatu yalizunguka inchi yote, kwa sababu kila mutu, hata muuza ndizi, aliyaelewa bila mwalimu.

Lakini ukienda Uhispania kwenyewe, mambo yanabadilika kidogo. Ukisema "plata" watakuelewa, ila wao kila siku wanasema "dinero". Neno hilo linatoka kwenye "denarius", sarafu ya feza ya Waroma wa zamani, na ni ndugu ya dinari yenye watu wa Algeria, Tunisia na Irak wanatumia. Wamexico nao mara nyingi wanasema "lana", maana yake manyoya ya kondoo. Kwa hiyo mutu anaweza kufungua kinywa tu kuomba pesa na wenzake wakajua alizaliwa inchi gani.

Kuna pia misemo. "Hablar en plata", kusema kwa feza, ni kusema wazi bila kuzungukazunguka. Kumupatia mutu kitu "en bandeja de plata", kwenye sahani kubwa ya feza, ni kumupatia bila yeye kutoka jasho. Na kuna huu: "por la plata baila el mono", kwa ajili ya pesa nyani anacheza. Huo hauhitaji maelezo.

Muto usiokuwa na feza

Wahispania walifika kwenye muto mukubwa wa kusini mwa Amerika mwaka wa 1516, wakiongozwa na Juan Díaz de Solís. Yeye aliuawa huko. Miaka kama kumi kisha, wengine wakafuata, wakaona wenyeji wako na vitu vidogovidogo vya feza. Wakafikiri muto huo unapeleka kwenye inchi ya feza. Wakauita Río de la Plata, Muto wa Feza.

Feza haikukuwa hapo. Maji ya muto huo ni ya rangi ya udongo, na vile vitu vya feza vilikuwa vimetoka mbali sana, upande wa milima ya Andes. Lakini jina lilibakia. Hata inchi yenyewe ikapata jina kutoka kwa feza: Argentina, kutoka "argentum" ya Kilatini. Muji wa La Plata, wenye ulijengwa mwaka wa 1882, ni makao makuu ya jimbo la Buenos Aires. Inchi yote inaitwa kwa jina la madini yenye watu walikuja kutafuta pale na hawakuipata.

Mulima wenye ulilisha dunia

Feza yenyewe ilikuwa juu, katika inchi yenye leo tunaita Bolivia. Mwaka wa 1545, mwenyeji mumoja kwa jina Diego Huallpa alionyesha mahali penye feza katika mulima wenye Wahispania wakaita Cerro Rico, maana yake Mulima Tajiri. Chini yake kukazaliwa muji wa Potosí, kwenye urefu wa karibu metre 4,000 juu ya bahari. Ni juu kupita kilele cha Nyiragongo. Hewa ni kidogo, baridi ni kali, mashamba karibu hayawezekani. Lakini miaka mia moja ilikuwa haijaisha, muji huo ukawa na watu zaidi ya 100,000, mukubwa sawa na miji mikubwa ya Ulaya ya wakati ule. Kwa Kihispania kukaingia msemo: kitu cha bei kubwa sana wanasema "vale un Potosí", kinafikia bei ya Potosí nzima.

Nani alichimba? Katika miaka ya 1570, Francisco de Toledo, mwenye alitawala Peru kwa jina la mufalme wa Uhispania, alipanga kazi ya lazima yenye iliitwa "mita". Jina lenyewe lilikuwa la zamani, la wakati wa ufalme wa Inka, lakini Wahispania walilifanya kuwa kitu kingine. Vijiji vya mbali, mupaka upande wa Ziwa Titicaca na Cuzco, vilipaswa kutoa mwanaume mumoja kati ya saba, kila mwaka. Hiyo ilifanya karibu watu 13,000 kwa mwaka mumoja. Wengine walitembea majuma mengi na bibi zao na watoto mbele ya kufika. Walipanda ngazi ndani ya giza na mizigo ya mawe mugongoni, na mushahara wao haukutosha hata chakula. Vijiji vikabakia na wazee. Wanaume wengi wakakimbia ili majina yao yasihesabiwe. Wazee wetu wenye walisikia kwa wazazi wao habari ya kazi ya lazima wakati wa Wabelgiji wanaelewa hayo bila kuelezwa. Mita ilidumu zaidi ya miaka 200.

Waafrika nao walipelekwa. Watumwa kutoka upande wa Angola na Kongo waliingizwa kupitia Buenos Aires, wakapandishwa mupaka Potosí, na wengi wakafanya kazi katika nyumba ya kupiga sarafu. Leo Bolivia iko na watu weusi, wengi katika mabonde ya joto yenye wanaita Yungas. Kati yao kuna familia zenye jina la ukoo ni Angola.

Mercure: dawa yenye inaua

Mwanzoni feza ya Potosí iliyeyushwa kwa moto tu. Mawe mazuri yalipoisha, kukabakia mawe yenye feza kidogo. Hapo, tangu miaka ya 1570, wakaleta zebaki, ile sisi tunaita mercure. Ilichimbwa Huancavelica, katika Peru.

Kazi ilikuwa hivi. Mawe yalisagwa mupaka yakawa unga. Unga ukachanganywa na maji, chumvi na mercure, na watu ao wanyama wakaukanyaga siku nyingi. Mercure inashika feza na kuacha udongo. Kisha mchanganyiko ulichomwa: mercure ikapanda hewani kama moshi, feza ikabakia. Moshi huo uliingia mapafuni mwa watu, ukaanguka juu ya nyumba na ndani ya maji. Wachimbaji wa Huancavelica walitetemeka mikono, meno yakaanguka, wakafa vijana. Watu wenyewe waliita mahali pale machimbo ya kifo.

Tunaandika hayo kwa uangalifu kwa sababu kazi hiyo haijaisha duniani. Kwetu haifanywi kwa feza, inafanywa kwa zahabu. Katika machimbo mengi ya Ituri na ya Kivu ya Kusini, creuseur anachanganya mchanga na mercure mukononi, kisha anachoma kile kidonge juu ya makala, wakati mwingine ndani ya nyumba, karibu na sufuria ya chakula. Moshi wa mercure hauonekani na hauna harufu. Unaharibu ubongo, figo na mapafu, na unazuru zaidi mama mwenye mimba na mutoto wake. Mwenye kuchoma, achomee inje, mbali na watu na chakula, asimame upande upepo unatoka, na asitumie kamwe chombo cha jikoni.

Feza ilienda wapi

Feza ya Potosí na ile ya Mexico zilipigwa kuwa sarafu yenye iliitwa "peso" ao "real de a ocho". Kwa muda wa zaidi ya miaka 200, sarafu hiyo ilikubaliwa karibu kila mahali, sawa vile dola leo. Ilivuka bahari mupaka Ufilipino, ikaingia Uchina kulipa hariri na vyombo. Neno la Waomani "riyali" linatoka kwenye "real" hiyo.

Na dola yenyewe? Mwaka wa 1792, sheria ya Marekani iliamua kwamba dola moja itakuwa na samani ya peso moja ya Wahispania. Sarafu za Wahispania ziliendelea kuwa pesa halali katika Marekani mupaka mwaka wa 1857. Basi ile dola yenye tunahesabu sokoni Goma ao Bukavu, yenye wanakataa ikipasuka kidogo tu, ukoo wake unarudi kwenye feza ya Amerika ya Kusini na Mexico.

Je, Uhispania ilitajirika? Kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Feza ilifika kwa mashua na ikapita kama maji ndani ya kikapu. Wafalme waliitumia kwa vita na kulipa madeni ya wakopeshaji wa Ujerumani na Italia. Serikali yao ilishindwa kulipa madeni mwaka wa 1557, tena 1575, tena 1596, katikati kabisa ya wakati wa feza nyingi. Bei za vitu zikapanda. Viwanda vya wengine, katika inchi zingine za Ulaya, ndivyo vilikomaa.

Na Potosí? Cerro Rico ingali inachimbwa mupaka leo, kwa mikono mingi, na vyama vya wachimbaji. Wanatafuna majani ya coca ili wasisikie njaa, wanapumua vumbi, na wengi wanakufa na ugonjwa wa mapafu wangali na nguvu za ujana. Mwaka wa 1987 UNESCO iliandika Potosí katika orodha ya urizi wa dunia. Mwaka wa 2014 ikaiweka katika orodha ya mahali penye hatari, kwa sababu mulima umetobolewa sana na kilele chake kimeanza kubomoka. Jimbo la Potosí ni moja ya majimbo maskini ya Bolivia.

"Plata ndogo" yenye ilizarauliwa

Neno "plata" lilizaa neno lingine lenye dunia yote inatumia. Katika Chocó, eneo la Colombia lenye misitu na mvua nyingi, watumwa Waafrika walioosha mchanga ili kupata zahabu walikutana na mbegu nyeupe, nzito, zenye hazikuyeyuka kwa moto wao. Wahispania wakaziita "platina", maana yake plata ndogo, feza ya hovyo. Ziliwasumbua, kwa sababu zilichanganyika na zahabu na wadanganyifu walizitumia kuongeza uzito.

Antonio de Ulloa, muhispania mwenye alisafiri pamoja na wataalamu Wafaransa wenye walikuja kupima dunia, aliandika juu yake katika kitabu cha mwaka wa 1748. Wataalamu wa Ulaya wakaanza kuipima na wakaona ni madini mupya. Leo "platine" inatumiwa katika pete za bei na katika bomba za moshi za magari ili kupunguza sumu. Watu wa Chocó, wengi wao vitukuu vya watumwa wale, wangali kati ya watu maskini zaidi wa Colombia. Jambo hili linatuhusu pia: kwetu, zamani, coltan ilikuwa mchanga mweusi tu, wenye mutu aliweza kuutupa alipokuwa anatafuta kingine.

"Plata o plomo"

Tumalize na msemo wa filamu. "Plomo" ni ile madini nzito yenye tunaita risasi, na ni pia risasi ya bunduki. Kwa hiyo Kiswahili kinautafsiri vizuri kabisa, kwa maneno mawili yenye kila moja iko na maana mbili: feza ao risasi. Ni kusema: chukua pesa yetu unyamaze, ao tutakuua.

Katika Colombia ya miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, hayo hayakukuwa mchezo. Kundi la Medellín lililiambia vile mapolisi, mahakimu, wanasiasa na waandishi wa habari. Guillermo Cano, mukubwa wa gazeti El Espectador, aliendelea kuandika juu ya Escobar. Alipigwa risasi mbele ya ofisi ya gazeti lake mwezi wa 12, mwaka wa 1986. Escobar mwenyewe aliuawa mwezi wa 12, mwaka wa 1993. Vijana wanaovaa maneno hayo kwenye tee-shirt waelewe ni nini yanasema. Ni maneno yaliyosemwa kwa mutu kama Cano mbele ya kumuua.

Kwetu feza ni nini?

Sisi tuko na majina mengi ya pesa. "Franga" ilitoka kwa franc ya Wabelgiji. "Makuta" ilibakia kutoka pesa za mwaka wa 1967, wakati zaire moja ilikuwa makuta 100. "Pesa" ilivuka bahari kutoka Uhindi. Na "feza" ilitoka kwa Kiarabu, pale pia ni jina la madini. Hata Waquechua, wale wachimbaji wa Potosí, wako na neno moja, "qullqi", kwa feza na kwa pesa. Watu wa mbali sana, wasiojuana, walifanya jambo lile lile.

Lakini katika Potosí, wenye kutoa madini ardhini hawakukuwa wenye kuweka pesa mufukoni. Neno ni moja, mikono ni miwili. Swali hilo liko wazi leo Rubaya, Bisie, Kamituga na Mongbwalu: kile kinatoka shimoni kinageuka pesa mahali gani, na mukononi mwa nani? Wabolivia wamekuwa wakijiuliza hivyo kwa karibu miaka 500. Mtu akisema "plata" tena mbele yako, unajua sasa kama anazungumuzia madini ao pesa. Mara nyingi ni vyote viwili.

Kama uko na neno lingine lenye ungependa tueleze, liandike kwenye karatasi ulilete ku redio, ao ulisome wakati wa kipindi cha mazungumuzo na wasikilizaji.